Stadi za maisha kwa video: ndiyo, lakini msimfute mshauri

Leo tuweke kando kidogo mambo ya seva na misimbo, tuzungumze kuhusu watu. Msiogope, kompyuta zitarudi kabla hatujamaliza.

Kuna wazo linalosikika sana siku hizi ukikaa na watu wa miradi ya vijana katika kaunti za Migori na Homa Bay. Pesa za wafadhili zimepungua, washauri waliokuwa wakikutana na wasichana wamerudi makwao, kwa hiyo tuyaweke mafunzo yote kwenye video, tuzitie ndani ya app, na kila kijana ajifunze mwenyewe kwa simu. Kisha mtu ananigeukia na kusema: "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Hii si kazi ya wiki mbili tu?"

Ni kweli, app ya kuonyesha video ni kazi ya wiki mbili. Hata kijana wa mwaka wa tatu chuoni anaweza kuiandika. Swali langu ni kama kazi hiyo itamfundisha mtu chochote. Maoni yangu ni haya: video ni chombo kizuri sana cha kufundishia stadi za kuishi na watu, pengine kizuri kuliko vyote tulivyo navyo kwa bei hiyo. Lakini video ni nusu ya somo. Nusu ya pili inahitaji mtu aliyekaa pale chumbani, na mtu huyo hawezi kuandikwa kwa msimbo wowote ninaoujua.

Tuanze na chanzo cha wazo lenyewe. Mpango wa DREAMS ulitangazwa Desemba 2014 na Marekani kupitia PEPFAR, ukafika Homa Bay, Migori, Siaya, Kisumu na Nairobi. Wasichana walikutana katika sehemu salama, wakiwa na mshauri, mara nyingi mwanamke kijana wa eneo hilo hilo, wakafundishwa jinsi ya kusema hapana, jinsi ya kuzungumza na mzazi, jinsi ya kwenda kliniki bila kuogopa. Herufi M katika jina hilo inawakilisha neno la Kiingereza lenye maana ya "mwenye mshauri". Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na Februari iliporuhusiwa huduma za HIV za kuokoa maisha kuendelea, kazi nyingi za kinga, zikiwemo hizi za wasichana, hazikuwa kwenye orodha. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID likafungwa rasmi.

Sasa tazama takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, ule unaoitwa KDHS, ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Homa Bay ilikuwa asilimia 23. Migori asilimia 23. Kwa hiyo tunapobishana hapa kuhusu video na washauri, hatubishani kuhusu teknolojia ya kupendeza macho. Tunazungumza juu ya karibu msichana mmoja kati ya wanne.

Video inafundishaje?

Nikiwa chuo niliamini, kama watu wengi wa fani yangu, kwamba video ni njia tu ya kusafirisha habari, kama vile barua au redio. Watu wa saikolojia wana habari zaidi. Mwaka 1961 Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwaonyesha watoto mtu mzima akilipiga sanamu la mpira. Watoto wakaiga, tena kwa undani, hadi maneno aliyoyatumia. Mwaka 1963 akarudia jaribio, safari hii baadhi ya watoto wakimwona mtu huyo katika filamu tu. Waliiga vilevile. Kwa hiyo kuanzia siku hizo tunajua kwamba mtoto hujifunza tabia kwa kutazama, na kwamba skrini inatosha kumwonyesha. Kumbuka pia kwamba tabia waliyojifunza pale ilikuwa mbaya. Skrini haichagui.

Bandura alisema kujifunza kwa kutazama kunapita hatua nne. Mtu azingatie kinachoonyeshwa, akikumbuke, aweze kukitenda, na awe na sababu ya kukitenda. Nenda nazo polepole hatua hizo. Video inasaidia sana katika mbili za kwanza: inavuta macho, na inaweza kurudiwa mara ishirini bila kuchoka wala kukasirika. Hatua ya tatu na ya nne hutokea nje ya skrini. Huko ndiko kuliko na mazoezi, kusahihishwa na kupongezwa.

Wanaofundisha watoto wenye usonji wameitumia njia hii kwa miongo kadhaa. Video ya dakika moja au mbili, stadi moja tu: jinsi ya kusalimia, jinsi ya kusubiri zamu, jinsi ya kuomba kuingia kwenye mchezo. Mtoto anatazama, kisha papo hapo anajaribu akiwa na mwalimu. Mwaka 2000 Marjorie Charlop-Christy na wenzake walilinganisha video na onyesho la mtu wa ana kwa ana, na watoto wakajifunza haraka zaidi kwa video. Walikuwa watoto watano tu, kwa hiyo tusipige vigelegele kupita kiasi, lakini tafiti nyingine nyingi zilifuata. Sababu moja ni rahisi kwa mtu wa kompyuta kuielewa: video inarudia kitu kile kile kila mara, wakati mwalimu akionyesha mara ya tatu tayari amebadilisha sauti, mkono na maneno.

Hata Afrika Mashariki si wageni wa jambo hili. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, na kwa miaka miwili Dodoma haikuupata, makusudi, ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizousikia zilionyesha ongezeko la uzazi wa mpango kuliko Dodoma. Na tamthilia ya Shuga, iliyoanza Nairobi mwaka 2009, baadaye ilipelekwa Nigeria, ambako watafiti waliwaonyesha vijana vipindi vyake katika vituo maalumu. Miezi 8 baadaye waliotazama walikuwa na uwezekano mara mbili wa kupima HIV kuliko wenzao. Video ina nguvu. Mtu asikudanganye kwamba ni anasa.

Kubonyeza kitufe cha kusimamisha

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki katika afya wala elimu maalumu. Unatoka katika kilimo, India. Mwaka 2006 kikundi cha watafiti wa Microsoft huko Bangalore, wakiongozwa na Rikin Gandhi, kilianza mradi wa Digital Green. Walirekodi wakulima wa kijiji wakionyesha njia za kilimo, kisha wakawaonyesha wakulima wa vijiji jirani. Kwa miezi 13, katika vijiji 16, waliulinganisha na utaratibu wa kawaida wa bwana shamba. Wakulima waliochukua mbinu mpya waliongezeka mara saba, na kila dola ilifanya kazi mara kumi zaidi.

Watu wengi wakisikia hivyo hukimbilia kununua projekta. Polepole! Ukisoma walichofanya, utaona kila onyesho lilikuwa na mtu wa kijiji aliyelipwa kuendesha kikao. Aliisimamisha video, akauliza swali, akarudisha nyuma, akajibu, akaandika nani alikuja na nani alijaribu nini. Video ilimpa mtu huyo nguvu. Haikuchukua nafasi yake. Mmoja wa watafiti hao, Kentaro Toyama, aliandika kitabu mwaka 2015 akisema kwamba teknolojia hukuza nia na uwezo ambao watu tayari wanao. Pale ambapo hakuna mwalimu, inakuza sifuri. Na sifuri ukiizidisha kwa milioni, jibu tunalijua sote.

Wakenya tunajua jambo hili bila kwenda Bangalore. Nani hajaketi katika kibanda cha video, Rongo au Mbita au Migori mjini, akatazama filamu ya Kihindi au ya Kichina iliyotafsiriwa na DJ Afro? Filamu ile ile bila sauti yake watu wangetoka nusu. Yeye anaingia katikati, anaeleza, anatania, anakuonya mapema kwamba huyu jamaa ni mwongo. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri mbele ya video. Tofauti ni kwamba mshauri anaweza pia kukusikia wewe.

Tabia njema ina toleo la kwetu

Tatizo la pili. Watu watasema: kwa nini tujisumbue kurekodi? Mtandaoni zipo video maelfu za kufundisha watoto stadi za kuishi na watu. Zipo, ndiyo. Nyingi zinamwambia mtoto: mtazame mtu machoni, mpe mkono kwa nguvu, taja jina lake. Mfundishe mtoto wa Karachuonyo au wa Kuria kumkazia macho babu yake na kumwita kwa jina, uone atakachoambiwa. Kijana wa Kijaluo akienda ukweni, namna anavyosimama mbali na mama mkwe ni adabu, lakini katika video ya California angeonekana ana tatizo la kusaidiwa.

Sisi watengenezaji wa programu tunaita kanuni za mawasiliano itifaki. Kompyuta mbili zikitumia itifaki tofauti, zote zikiwa nzima, hazielewani. Adabu ni itifaki. Haiwezi kuagizwa kutoka nje na kubadilishwa lugha tu.

Na lugha yenyewe si jambo dogo. Migori mjini Kiswahili kitakufikisha mbali, kwa sababu kuna Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya na Wasomali. Lakini mtoto wa miaka mitano Ndhiwa anafikiri kwa Kijaluo, mwenzake wa Kegonga anafikiri kwa Kikuria. Somo la kukataa kushikwa vibaya lisikwame kwenye msamiati.

Zamani Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi kizee, ambako wasichana walilala na kufundishwa kwa hadithi, vitendawili na kuonyeshwa namna ya kuishi na watu. Mwalimu huyo aliitwa pim. Sisemi turudi huko, na si kila kilichofundishwa kilikuwa cha kumnufaisha msichana. Nasema mafunzo yale yalikuwa na mambo matatu pamoja: mfano, marudio, na mtu mzima anayekujua kwa jina. App inatoa la pili vizuri sana, la kwanza kiasi, la tatu haina kabisa.

Upande wa pili

Tuwe waungwana, tusikilize hoja kinyume. Kuna mchezo wa simu uitwao Tumaini, uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory pamoja na KEMRI kwa ajili ya vijana wa miaka 11 hadi 14. Ulijaribiwa Kisumu mwaka 2017 kwa watoto 60. Waliucheza kwa hamu, na maarifa yao na kujiamini kwao kukapanda. Huo ni ushahidi kwamba simu peke yake inaweza kufanya kitu, na nawavulia kofia. Lakini tazama jinsi ulivyojengwa: mtoto anachagua, anaona matokeo, anarudi kuchagua tena. Ni mazoezi, si kutazama tu. Kazi ya namna hiyo huchukua miaka na wataalamu wengi. App ya wiki mbili yenye orodha ya video si Tumaini, na tusiitangaze kana kwamba ni Tumaini.

Hoja nyingine ni nzito zaidi: stadi hazitoshi. Kwenye fuo za Homa Bay kuna jaboya, mwanamke muuza samaki kulazimika kulala na mvuvi ili apate samaki wa kuuza. Utamwonyesha video ya kusema hapana? Anajua kusema hapana. Asichokuwa nacho ni boti. Kule Nduru, Kisumu, wanawake wa mradi wa No Sex for Fish walipewa boti zao wenyewe, na hilo lilibadilisha mazungumzo ufukweni kuliko somo lolote, hadi mafuriko ya mwaka 2020 yalipoharibu kijiji. Nakubali hoja hiyo yote. Video haitibu umaskini. Tuifanyie kazi inayoiweza.

Basi tufanye nini?

Haya ndiyo mapendekezo yangu, kwa kaunti zote mbili na kwa yeyote mwenye kikundi cha vijana, kanisa, msikiti au shule.

1. Rekodi nyumbani. Stadi moja, dakika moja hadi mbili, waigizaji wa hapo hapo. Mfano: msichana anatoka shule, mwendesha boda boda anampa lifti ya bure. Anajibu, "Hapana kaka, asante, natembea na wenzangu," na anaendelea kutembea bila kusimama. Mfano mwingine: kijana anafika kliniki na kusema, "Habari ya asubuhi, daktari. Naomba tuzungumze faraghani." Mfano wa tatu, kwa mtoto mwenye usonji: foleni ya kisimani, ndoo yake, zamu yake. Onyesha njia sahihi. Mtoto mdogo ukimwonyesha kosa kwanza, anaweza kuondoka na kosa.

2. Acha nafasi ya kusimama. Weka sekunde tano za picha iliyoganda kabla ya jibu. Hapo mshauri anauliza: "Wewe ungesemaje?" Kisha wawili wainuke wafanye. Video ya dakika mbili izae mazoezi ya dakika ishirini.

3. Sahau intaneti. Hesabu ni hii: video ya pikseli 640 kwa 360, kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, inakula chini kidogo ya megabaiti 4 kwa dakika. Video 20 za dakika mbili ni kama megabaiti 150. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 4 itabeba zaidi ya dakika 1,000. Programu ya bure ya ffmpeg itakupunguzia faili kwa amri moja. Kisha zinapita kutoka simu hadi simu bila kununua data. Hakuna app ya kuandika, na mimi nimepoteza kazi. Sawa tu.

4. Tumia vifaa vilivyopo. Mpango wa serikali wa kusoma kidijitali, ulioanza mwaka 2016, uligawa vifaa zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini, na walipewa simu za kazi. Tableti za shule na simu za wahudumu zinaweza kubeba megabaiti 150. Lakini usimwongezee mhudumu kazi bila malipo. Posho yake ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, ni ndogo tayari.

5. Linda watoto wanaoonekana. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia picha ya mtoto. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini hiyo. Kwa mambo mazito kama dhuluma, tumia waigizaji watu wazima, na usimrekodi kamwe mtoto akisimulia yaliyompata yeye.

6. Lipa mshauri kwanza. Chekechea na sehemu kubwa ya huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Kwa hiyo bajeti hii inajadiliwa Homa Bay mjini na Migori mjini, si Washington. Ikiwa kuna pesa za kuajiri kampuni itengeneze app, kuna pesa za kuwalipa washauri kadhaa mwaka mzima.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Wale wanawake vijana waliokuwa wakiongoza sehemu salama hawajahama. Wako Rangwe, wako Suna, wako Nyatike, wanauza mboga au wanatafuta kazi. Wanawajua wasichana kwa majina, wanajua nyumba gani ina shida, wanajua nani ameacha kuja na kwa nini. Mafunzo yao yaligharimu miaka na pesa nyingi. Ukinitaka niyahamishie yote hayo kwenye faili za MP4, nitakuhamishia picha na sauti. Ujuzi wao wa nani ameacha kuja hautaingia ndani ya faili.

Kwa hiyo, wenzangu wa kompyuta, mkiombwa app ya namna hii, jibuni kwa swali moja kabla ya kufungua kihariri chenu: nani atakuwa ameshika simu wakati video inasimamishwa? Wakikosa jibu, wasaidieni kulitafuta kwanza. Msimbo utangoja.